Yogati ya Dukani na Yogati ya Tui: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu yogati ya dukani ni kwamba kila nambari inayoanza kwa herufi E kwenye lebo ni sumu. Ukweli ni kwamba nambari hizo ni utaratibu wa Ulaya wa kuorodhesha viungo vya ziada vilivyokaguliwa na kuruhusiwa, na miongoni mwake mna vitu vya kawaida kabisa: E300 ni vitamini C, E440 ni pektini itokayo katika maganda ya malimau na machungwa, na E407 ni karajinani, itokanayo na mwani wa jamii ile ile ambayo kina mama wa Kibuyuni, Kwale, huilima baharini na kuianika ufuoni. La kuuliza ni kiungo kimetoka wapi na kimewekwa kwa kazi gani. Kwa Mwislamu, jelatini ndiyo ya kuulizia kwanza, kwa kuwa hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, na jina hilo peke yake halielezi ni mnyama yupi. Rangi nyekundu ya E120 nayo hutokana na wadudu.

Wengine huamini kwamba yogati ikiwa nzito ndiyo halisi. Maziwa ya ng'ombe huganda kwa sababu bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huifanya protini iitwayo kasini ishikamane. Lakini uzito kama huo huweza pia kuletwa na wanga au jelatini, kwa hiyo kijiko kikisimama hakijathibitisha lolote. Wala si kila yogati ina bakteria hai. Ile inayokaa rafuni bila friji kwa kawaida imepashwa moto baada ya kuganda, na haifai kugandishia nyingine.

Kinachonisikitisha ni kwamba hofu ya nambari huifunika sukari, ambayo imeandikwa waziwazi. Chukua kikopo cha gramu 250 chenye gramu 12 za sukari katika kila gramu 100: jumla ni gramu 30, na sukari ya asili ya maziwa ni kama thuluthi moja tu ya hizo.

Wanaoamua kujitengenezea yogati isiyo na maziwa hukutana na dhana nyingine, kwamba tui huganda lenyewe likiachwa mezani usiku kucha katika joto letu. Tui halina kasini, kwa hiyo hata likichachuka vizuri hubaki jepesi. Na likiachwa bila kuchemshwa wala kutiwa bakteria wanaofaa, huvunda. Kutia wanga si udanganyifu, ni hitaji. Tena anayekimbilia tui la mkebe ili aepuke viungo vya ziada asome lebo kwanza, maana mengi yametiwa gundi ya guari, E412, ambayo ni kiungo cha kuongeza uzito.

Nazi ikishakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu, pima nusu lita ya tui zito lililochujwa. Koroga vijiko viwili vya mezani vya wanga wa muhogo, au konflawa, katika tui kidogo lililo baridi, kisha changanya na lililobaki pamoja na kijiko kimoja cha sukari, ambayo ni chakula cha bakteria. Weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha, ili tui lisikatike, hadi lichemke kidogo na kuushika mwiko. Likipoa kufikia nyuzi 42 hivi, tia bakteria, yaani kijiko cha yogati ya ng'ombe yenye bakteria hai, au bakteria wa vidonge. Ukiwatia tui likiwa moto watakufa. Mimina katika chupa iliyosafishwa kwa maji ya moto, ifunge kwa shuka nzito kwa saa 8 hadi 12, kisha itie frijini. Mafuta yakielea juu na maji yakikaa chini, koroga tu. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga yote.

Dhana ya mwisho ndiyo yenye hatari, kwamba yogati hii inamfaa kila asiyetumia maziwa. Anayeumwa tumbo kwa sababu ya sukari ya maziwa ana tatizo la usagaji, na mara nyingi huvumilia kijiko cha yogati ya ng'ombe kilichotumika kugandishia. Mwenye mzio wa protini ya maziwa huweza kudhurika kwa kiasi hicho hicho kidogo, kwa hiyo atafute bakteria wa vidonge katika duka la dawa, na aulize kama havina chembe za maziwa, kwa kuwa baadhi vinazo. Tui pia lina mafuta mengi yaliyoshiba, protini haba na kalisi kidogo mno. Kwa hiyo yogati yake isipewe mtoto mchanga badala ya maziwa ya mama, na mtu mzima anayeila apate protini kwingine, kama vile kwenye mbaazi na kunde, na kalisi kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao.