Taifa ndiye mkubwa: tunayoyakosea kuhusu Nation na majarida yake ya wikendi

Nilimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake mbele ya meza ya magazeti, “Achana na Taifa Leo, hiyo ni Nation iliyotafsiriwa.” Muuzaji, mzee aliyekuwa akipanga magazeti yake na kuyawekea mawe yasipeperushwe na upepo, hakusema kitu. Nami nikanyamaza, na nimejutia kimya hicho tangu siku ile. Nitayasema hapa niliyopaswa kuyasema pale.

Taifa ndiye mkubwa. Mwaka 1958 Charles Hayes alianzisha gazeti la Kiswahili lililotoka mara moja kwa wiki, akaliita Taifa. Mwaka uliofuata likanunuliwa na Aga Khan wa nne, Karim, aliyekuwa kijana wa miaka 22. Januari 1960, mwezi ule ule ambao Hali ya Hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau iliondolewa rasmi nchini Kenya, Taifa Leo likaanza kutoka kila siku. Daily Nation, gazeti la Kiingereza la kampuni hiyo hiyo, lilikuwa bado halijazaliwa. Gazeti la Kiingereza lililotamba wakati huo lilikuwa East African Standard, sauti ya walowezi, ingawa hata hilo wengi hawajui kwamba lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, A. M. Jeevanjee, likiitwa African Standard.

Kwa hiyo kama kuna tafsiri yoyote hapa, ni lile jina Nation. Kiswahili kilitangulia, Kiingereza kikafuata.

Nakubali kwamba habari nyingine za Taifa Leo hufika mezani kwa Kiingereza, na mhariri hukaa nazo akazifasiri. Kazi hiyo wala si ndogo: hotuba ya bajeti iliyojaa misamiati ya wachumi inapaswa isomeke na mama anayeuza mboga, na mhariri ana saa moja au mbili tu. Lakini yaliyomo mengi hayajawahi kuwa mahali pengine. Kwa miongo kadhaa Edward Gitau aliwachorea wasomaji wa Taifa Leo kibonzo cha Juha Kalulu, na kuna Wakenya wa makabila yote waliojifunzia Kiswahili kwa Juha kabla ya kukutana na ngeli darasani. Huwezi kumtafsiri Juha ukabaki na Juha.

Kosa la pili linafanana na hilo. Watu hudhani gazeti la Jumapili ni nyongeza, kitu kilichobuniwa baadaye ili siku ya mapumziko isipite bila mauzo. Tazama tarehe. Sunday Nation lilitoka mara ya kwanza tarehe 20 Machi 1960. Daily Nation likafuata tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, zaidi ya miezi sita baadaye. Gazeti la wikendi ndilo lililopima maji, na la kila siku likaingia lilipoona kina.

Kwetu nyumbani mpangilio huo wa kuzaliwa ungemfurahisha baba. Alikuwa akirudi kutoka misa na Sunday Nation kwapani, na hakuna aliyeligusa mpaka yeye alipoketi. Kisha aligawa kama anayegawa nyama. Kurasa za nje, zake. Jarida la Lifestyle, la mama. Young Nation, zetu watoto, nasi tulizigombania mpaka zikachanika kwenye mkunjo. Jumatatu gazeti lilikwenda kwa jirani, Jumatano kwa kinyozi, na mwisho wake lilikuwa dukani likifungia sukari. Ndiyo maana mimi husikitika mtu anapohesabu nakala zilizouzwa akadhani amehesabu wasomaji. Hapa kwetu nakala moja haijawahi kuwa na msomaji mmoja.

“Mchuuzi ameiba jarida langu.” Lawama hii nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi huwaonea watu wasio na hatia. Majarida ya ndani hayachapwi pamoja na gazeti kuu. Yanafungwa, yaani uhariri wake unakamilika, siku kadhaa kabla, yanachapwa mapema, kisha yanasubiri kupachikwa ndani ya kurasa za habari, ambazo ndizo za mwisho kuingia mtamboni. Ukipita mjini alfajiri utawakuta wachuuzi wamechuchumaa kando ya barabara, mikono myeusi kwa wino, wakipachika kurasa moja baada ya nyingine. Mkono ukiteleza, nakala moja hukosa jarida na nyingine hupata mawili.

Kufungwa mapema huko kunaeleza pia ajabu nyingine ambayo wasomaji huiita uzembe. Waziri anafutwa kazi Ijumaa, na Jumapili jarida linamhoji akiwa bado waziri. Hakuna aliyelala kazini. Ukurasa ule ulikuwa umeshachapwa. Vivyo hivyo matokeo ya mechi ya usiku yanaweza kuonekana kwenye nakala ya Nairobi na kukosekana kwenye ile iliyopelekwa Lodwar, kwa sababu gari la mbali huondoka kiwandani kabla kipenga cha mwisho hakijalia.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike ni hili: si kila kilichomo ndani ya gazeti ni cha gazeti. MyGov, lililoanza 2015, ni chapisho la serikali lenye matangazo na habari zake, lililokuwa likipachikwa magazetini siku za Jumanne. Nimewaona watu wenye elimu zao wakilitolea mfano kama uchunguzi wa wanahabari. Kadhalika kurasa zinazomsifu gavana kwa barabara na zahanati: soma juu au chini ya ukurasa, utaona maneno madogo yanayosema zimelipiwa. Na safu yenye jina la mtu ni maoni ya mtu huyo. Msimamo wa gazeti lenyewe uko kwenye tahariri, ile isiyo na jina la mwandishi, ambayo wengi huiruka.

Halafu kuna wanaosema kurasa za Jumapili ni za kuchekesha tu, na hutoa mfano wa safu ya vichekesho ya Whispers. Hawa huniumiza kidogo. Wahome Mutahi, aliyeianza safu hiyo kwenye gazeti shindani kabla ya kuhamia Sunday Nation, alichekesha kweli. Familia ile ya kubuni ya Thatcher, Pajero, Whispers Junior na mama mzee Appepklonia iliingia katika nyumba zetu kama majirani. Lakini mke kuitwa Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza, katika miaka ambayo huwezi kumtaja mtawala wako kwa ubaya ukalala kwako, huo si mzaha mtupu. Mutahi mwenyewe alikamatwa mwaka 1986 katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, akafungwa. Alitoka, akarudi kuandika. Alifariki 2003. Mama yangu alicheka akisoma safu ile, kisha akanyamaza kwa muda, na miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kile kimya.

Nimeacha ushairi mwisho kwa sababu ndio unaodharauliwa zaidi. Husemwa kwamba mashairi ya Taifa Leo huwekwa kujaza nafasi tangazo likikosekana. Mambo ni kinyume: desturi hii ni ya kale kuliko magazeti mengi tunayoyasoma. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliotunga humo. Taifa Leo lilirithi uwanja uliokuwa tayari na wachezaji wake.

Na uwanja una sheria. Mtungaji kwa kawaida huanza kwa kumwomba mhariri nafasi, tuseme hivi: “Mhariri nipe uga, nina neno la kusema.” Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: m-ha-ri-ri-ni-pe-u-ga, nane. Ni-na-ne-no-la-ku-se-ma, nane. Mstari wa pili lazima urudishe ga katikati na ma mwishoni, na wa tatu vilevile, na ikipungua mizani moja tu kuna mtu mahali fulani, pengine mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, atakayeiona. Ataandika jibu, kwa vina, akitaja kichwa cha shairi la kwanza na jina la kisanii la mtungaji. Atalipeleka gazetini, kisha atasubiri wiki moja, mbili, tatu, akifungua ukurasa ule kabla ya ule wa siasa.