"Tafakari" haijatoka kwa "tafuta akili"

Hapa Tabora hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, kwamba tafakari ni tafuta na akili zimeunganishwa, yaani unaambiwa nenda katafute akili zako. Inapendeza sikioni, najua, ila sio kweli jamani.

Tafakari ni ya Kiarabu, tafakkara, mzizi wake ni herufi tatu tu, f, k na r, na mzizi huohuo ndo umetupa fikiri, fikra na fikara. Waliopita madrasa wataikumbuka tatafakkaruna kwenye Kurani. Tafuta yenyewe ni ya Kibantu, hawana undugu kabisa.

Sasa hiyo "ta" ya mbele ndo inawachanganya watu. Kwenye Kiarabu ni kiambishi, kinabadilisha kitenzi kiwe kitu unachokifanya ndani yako mwenyewe, na tunayo mifano kibao mdomoni kila siku bila kushtuka: kiburi na takabari, adabu na taadabu, hata tabasamu imejengwa hivohivo, na sijawahi kusikia mtu akisema tabasamu ni kutafuta kitu.

Ndo maana maana yake inazidi kufikiri kwa kawaida. Ukiulizwa bei ya asali sokoni unafikiri kidogo unajibu, lakini mtu akikuletea posa ya binti yenu unakaa, unaipindua huku na huku, unalala nayo, hapo unatafakari. Kuwaza nako ni kwingine, mawazo yanaweza kukujia tu hata hujayaita.