Seli za kinga dhidi ya saratani ya matiti: maswali kutoka Mombasa

Kila ufikapo Oktoba, mwezi ambao wanawake huhimizwa kwenda kuchunguzwa matiti, simu nyingi hapa Mombasa hupokea video fupi au sauti isemayo kwamba wanasayansi wamechukua chembe za kinga na kuimaliza saratani ya matiti. Habari hiyo si ya uongo, lakini aghalabu huwa imekatwa kichwa na mkia, kwani msikilizaji haambiwi kwamba saratani iliyomalizwa ilikuwa kwenye kisahani cha plastiki cha maabara. Maswali yafuatayo ni yale ambayo video hizo huzusha kwa wagonjwa na jamaa zao.

Chembe za kinga ni zipi, nazo zinahusiana vipi na saratani?

Ni chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya vijidudu na dhidi ya seli zake wenyewe zilizoharibika. Watafiti wa saratani hushughulika zaidi na seli T, ambazo hutambua vipande vya protini vinavyooneshwa juu ya seli nyingine, na seli NK, zilizoelezwa mwaka 1975, ambazo zina uwezo wa kuua bila kufundishwa kwanza. Zote mbili hutumia silaha zinazofanana: hutoboa ngozi ya seli adui kwa protini iitwayo perforini, kisha huingiza vimeng'enya vinavyoifanya seli hiyo ijiue yenyewe. Ugumu ni kwamba seli ya saratani haikutoka nje. Imezaliwa mwilini, inafanana na jirani zake, na kinga imezoea kuwaachia wenyeji wapite.

Huko maabara hufanyika nini hasa?

Kazi huanza kwa damu ya mtu aliyekubali kuitoa, ambayo huzungushwa kwa kasi kwenye mashine juu ya kimiminika kizito hadi ijitenge matabaka. Chembe nyekundu huzama chini, na chembe nyeupe hubaki katikati katika utando mwembamba wenye ukungu, ambao mtaalamu huufyonza taratibu kwa bomba dogo. Chembe hizo hulishwa kwa siku kadhaa, mara nyingi pamoja na protini iitwayo intalukini-2, ili ziamke na kuongezeka.

Kwa upande mwingine huandaliwa seli za saratani, ambazo hukuzwa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi kiasi cha asilimia 5. Mara nyingi seli hizo hazitoki kwa mgonjwa wa leo. Zile ziitwazo MCF-7 zilitokana na maji yaliyotolewa kifuani mwa mtawa mmoja wa Michigan, Marekani, mwaka 1970, na hadi sasa zinaendelea kuzaliana katika maabara za dunia nzima ingawa mwenyewe alifariki zaidi ya nusu karne iliyopita. Nyingine, MDA-MB-231, hutumiwa kuwakilisha aina kali ya saratani isiyo na vipokezi vya homoni (protini ambazo homoni hujishikiza kwazo) wala wingi wa HER2, protini iliyo juu ya seli na inayoichochea ikue, ambayo dawa nyingi zilizozoeleka haziifai.

Kisha pande hizo mbili hukutanishwa kwa hesabu: chembe moja ya kinga kwa seli moja ya saratani, tano kwa moja, kumi kwa moja. Seli za saratani, ambazo kwa kawaida hujibandika bapa kwenye sakafu ya kisahani, huanza kujikunyata, zikawa duara, zikang'oka na kuelea. Kwa kuwa macho peke yake hayatoshi kuwa ushahidi, watafiti wengi huzipa seli za saratani jeni ya kimulimuli ili zitoe mwanga unaopimwa kwa mashine, na kadiri mwanga unavyofifia ndivyo inavyojulikana ni ngapi zimekufa. Pembeni huwekwa kisahani chenye seli za saratani peke yake, na kingine chenye seli za titi zisizo na saratani, kwa sababu chembe inayoua kila inachokigusa haina faida kwa mgonjwa. Kwa maoni yangu kisahani hiki cha mwisho ndicho chenye maana kuliko vyote, na ndicho ambacho video za simuni hazikitaji kamwe.

Ikiwa chembe za kinga hushinda kwenye kisahani, kwa nini wagonjwa hawatibiwi hivyo?

Kwa sababu kisahani huziondolea chembe za kinga karibu kila kikwazo. Pale seli za saratani zimetandazwa tabaka moja, chakula kipo, hewa ipo, na chembe za kinga zimemiminwa juu yake moja kwa moja. Ndani ya titi, chembe hizo hulazimika kusafiri kwa damu, kutoka kwenye mshipa, kisha kupenya nyuzinyuzi ngumu zinazouzunguka uvimbe, na ni nyuzinyuzi hizohizo ambazo pengine humfanya mwanamke ahisi donge gumu anapojipapasa. Zikifika, hukuta mazingira yenye oksijeni haba na tindikali nyingi, pamoja na seli nyingine za kinga ambazo saratani imekwisha kuzigeuza kuwa walinzi wake. Seli nyingi za saratani huonesha pia protini ya PD-L1, ambayo huziamuru seli T zitulie. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuvumbua namna ya kuondoa breki za aina hiyo.

Kuna jambo jingine. Seli za MCF-7 zinafanana kiasi, ilhali uvimbe wa mgonjwa mmoja unaweza kuwa na makundi kadhaa ya seli zilizotofautiana. Chembe za kinga zikiliua kundi moja, lile lisilotambulika hubaki na kuota upya.

Ndiyo maana baada ya kisahani hufuata madonge madogo ya seli yenye umbo la mpira, kisha panya. Hata panya wana kasoro yao: ili wakubali uvimbe wa binadamu bila kuukataa, hutumiwa wale waliozaliwa bila kinga kamili, hivyo mchezo wote wa kinga ambao ungetokea kwa mtu hauonekani kwao.

Je, hakuna mgonjwa yeyote wa saratani ya matiti aliyepona kwa njia hii?

Yupo. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya Dkt. Steven Rosenberg, walieleza habari za mwanamke ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa na dawa kadhaa zimeshindwa. Walipochunguza uvimbe wake walikuta mabadiliko 62 ya jeni, na seli T zilizokuwa tayari ndani ya uvimbe zilitambua protini 4 zilizobadilika kutokana na mabadiliko hayo. Seli hizo zilikuzwa hadi zikakaribia bilioni 80, akarudishiwa pamoja na dawa ya kuondoa breki ya kinga, na uvimbe wote ukatoweka.

Hata hivyo, taarifa ya kundi hilohilo ya mwaka 2022 inafaa isomwe sambamba na hiyo ya kwanza. Kati ya wagonjwa 42 waliochunguzwa, 28 walikuwa na seli T zinazotambua saratani yao. Waliotibiwa walikuwa 6, na kwa 3, akiwemo mwanamke huyo, uvimbe ulipungua au kwisha. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini wagonjwa sita ni wachache mno.

Na zile seli T zinazobadilishwa jeni?

Hizo huitwa CAR-T: ni seli T zilizopewa jeni ya kuzielekeza kwenye protini fulani iliyo juu ya seli za saratani. Marekani iliziidhinisha kwa mara ya kwanza mwaka 2017, lakini kwa saratani ya damu, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa saratani ya matiti bado ni utafiti. Tahadhari kubwa ilitokana na kisa kilichochapishwa mwaka 2010, cha mgonjwa wa saratani ya utumbo aliyepewa seli zilizolengwa kwenye HER2. Protini hiyo ipo kwa uchache katika mapafu ya kila mtu, seli zikayashambulia, na mgonjwa akafariki siku tano baadaye.

Hapa Mombasa, kuna tiba ya kinga ambayo daktari anaweza kuizungumzia leo?

Ipo, ingawa haihusishi kukuza seli. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hujishikiza kwenye HER2 na, pamoja na kazi nyingine, huziita seli NK zije kuua. Pembrolizumabu huondoa breki ya kinga na hutolewa pamoja na tibakemikali (kemo) kwa baadhi ya wagonjwa wa ile aina isiyo na vipokezi. Dawa hizi hazimfai kila mtu. Kwa hiyo, anayehudhuria Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, au hospitali nyingine yoyote, na aulize kama kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimepimwa vipokezi vya homoni na HER2. Bila majibu hayo daktari hana msingi wa kuchagua dawa.

Muuzaji wa dawa za asili ameniambia haba soda huongeza chembe za kinga na huua saratani. Je, ni kweli?

Ni kweli kwamba kiungo kimoja cha haba soda kimeua seli za saratani kwenye visahani. Lakini hata klorini ya kufulia nguo huziua. Kuitia haba soda kwenye mkate au chai ni sawa. Kuacha matibabu kwa ajili yake ni kuupa uvimbe nafasi ya kukua. Wewe mama unayetumia dawa zozote za asili ukiwa kwenye tibakemikali, mweleze daktari wako bila kuona haya, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa.

Nikiombwa damu au kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti, nikubali?

Uamuzi ni wako, na kukataa hakukupunguzii haki ya kutibiwa. Utafiti wowote nchini Kenya unapaswa kuwa na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti wa sayansi, na majaribio ya dawa kwa watu huhitaji pia idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Omba fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, uende nayo nyumbani, uisome na jamaa zako. Uliza sampuli yako itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Na mtu akikutaka ulipe fedha ili udungwe "seli za kinga" katika zahanati ya mtaani, mwombe akuoneshe vibali hivyo kabla hujakunja mkono wa buibui.