Uthabiti wa volteji ni nini?

Uthabiti wa volteji ni uwezo wa mtandao wa umeme kubaki na volteji inayofaa kila mahali, hata mzigo (umeme unaovutwa na wateja) unapoongezeka au laini moja inapokatika ghafla. Wengi huuchanganya na tatizo la volteji ndogo. Taa zinazofifia zinaonyesha kwamba volteji imepungua, lakini mtandao wenyewe huenda umetulia hapo ulipo. Mchambuzi wa uthabiti anauliza jambo jingine: mzigo ukiongezeka kidogo tena, volteji itashuka kidogo na kutulia, au itaporomoka?

Inaweza kuporomoka kwa sababu vifaa vingi huvuta nguvu ileile hata volteji ikipungua. Ikipungua kwa asilimia 10, mkondo hupanda kwa takriban asilimia 11, na mkondo huo mkubwa hupoteza volteji zaidi njiani. Mota ndizo za kuogopwa hasa. Nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volteji, kwa hiyo volteji ikibaki asilimia 70, mota inabaki na chini ya nusu ya nguvu hiyo. Ikishindwa na mzigo wake na kukwama, huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mota za jirani nazo zinaanza kulemewa.

Mnamo tarehe 23 Julai 1987, siku ya joto kali, mzigo wa viyoyozi jijini Tokyo ulipanda haraka baada ya saa sita mchana hadi volteji ikaporomoka. Wateja wapatao milioni 2.8 walikosa umeme. Hapo zilihusika laini kuu za kusafirisha umeme, ila mantiki ni ileile kwenye laini za kusambazia, zile zinazowafikishia wateja umeme.

Ili kujua ukingo wa kuporomoka uko wapi, mchambuzi huongeza mzigo hatua kwa hatua kwenye kompyuta na kuchora mchirizo wa volteji dhidi ya nguvu. Mchirizo huteremka polepole, kisha hujikunja kama ncha ya pua. Kupita hapo milinganyo haina jibu tena: laini haiwezi kubeba nguvu hiyo. Umbali kati ya mzigo wa sasa na ncha hiyo ndio akiba ya usalama.

Watafiti wengi hujaribia mbinu zao kwenye mtandao wa mfano wa kusambazia umeme wenye nodi 33 (yaani vituo ambako laini hukutana au mzigo huunganishwa) uliochapishwa na Baran na Wu mwaka 1989, wenye kilovolti 12.66 na mzigo wa megawati 3.7 hivi. Nodi ya 18, iliyo mwisho kabisa wa njia kuu, hupata asilimia 91 tu ya volteji ya kawaida. Ukizidisha mzigo, ndiyo ya kwanza kulegea. Tena, laini za kusambazia zina ukinzani mkubwa, kwa hiyo hesabu za laini kuu zinazoupuuza ukinzani huo zitakupotosha hapa.

Dawa iliyozoeleka ni kufunga kapasita, vifaa vinavyosaidia kuinua volteji. Zinasaidia kweli, lakini mchango wake nao hufuata mraba wa volteji: kwenye asilimia 90, zinatoa asilimia 81 tu, wakati ule ule zinapohitajika zaidi. Isitoshe, zinaiinua ile ncha ya mchirizo hadi kwenye volteji ya juu zaidi, hivyo mita inaweza kusoma asilimia 95 huku akiba ikiwa imekaribia kwisha. Ndiyo maana ripoti inayoorodhesha volteji za nodi bila kutaja akiba iliyobaki haitoshi kupitisha mzigo mpya.