Kabla ya uso, tazama baiskeli

Wiki mbili zilizopita binti mmoja alishuka bandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, akitokea Tukuyu. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake picha ya mzee aliyesimama wima, kanzu nyeupe, koti juu, mkono wa kulia umeshika usukani wa baiskeli.

"Shikamoo fundi. Nyumbani wanasema huyu ni babu yake mama, na picha ni ya wakati wa Mjerumani. Nimeambiwa wewe unajua kusoma baiskeli."

Nilichukua lenzi ninayokagulia nyuzi za skrubu, nikaanzia gurudumu la mbele. Habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa nene, imejaa kama kopo. Hiyo ni dainamo ya Sturmey-Archer, ile inayozalisha umeme wa taa ndani ya habu yenyewe bila kusugua tairi. Haikuwahi kuuzwa popote duniani kabla ya miaka ya 1930, na Mjerumani aliondoka Tukuyu mwaka 1916. Picha ile ni ya wakati wa Mwingereza au baada yake.

Binti aliitazama tena kwa muda mrefu. "Kwa hiyo si yeye?" Nikamwambia baiskeli haitaji jina la mtu, ila inataja miaka. Aende akamuulize bibi yake upya, na safari hii aulizie watoto wa yule mzee.

Nimekuwa fundi baiskeli tangu nikiwa kijana, na kwa miaka ya karibuni watu wananiletea picha karibu sawa na wanavyoniletea pancha. Ndiyo maana naandika hapa namna ninavyozitazama. Macho ya kila mtu huenda usoni kwanza. Mimi nakwenda kwenye sproketi ya mbele, ile sahani ya meno inayovuta cheni, kwa sababu viwanda vya Uingereza vilitoboa alama zao pale pale. Raleigh ya Nottingham ina vichwa vya korongo vyenye midomo mirefu. BSA ya Birmingham ina herufi zake tatu. Humber ina vijitu vidogo vimesimama kuzunguka sproketi, na uma wake wa mbele una mirija miwili kila upande, kwa hiyo hata picha ikiwa na ukungu utaitambua. Halafu natazama breki. Chuma kinachoshuka kukandamiza tairi kwa juu ni cha zamani sana. Fimbo zinazovuta raba ndani ya ringi, hizo tunazoziona hadi leo kwenye Phoenix za wazee, zilikuja baadaye.

Ukishazoea hivyo, picha za watu mashuhuri nazo zinabadilika. Kijana ninayefanya naye kazi hunitumia za kale anazozikuta mtandaoni, na tunazikuza kwenye simu mpaka usiku.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya wanasayansi Pierre na Marie Curie, Ufaransa, mwaka 1895. Wamefunga ndoa Julai ya mwaka huo, na kwa fedha za zawadi ya harusi wamenunua baiskeli mbili. Fungate lao lilikuwa kuzunguka mashambani wakiwa juu ya magurudumu hayo. Kila mtu husimulia kuhusu radiamu na tuzo ya Nobel ya 1903. Mimi nafikiria miguu yao. Tairi la upepo la Dunlop lilikuwa na miaka 7 tu tangu libuniwe, na friwili bado haikuwa kitu cha kawaida. Baiskeli za wakati ule, gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Anayejua mteremko wa Mlima Nyoka na aufikirie akiwa na baiskeli ya namna hiyo, sketi ndefu, na barabara ya changarawe. Ama unazuia kwa nguvu za mapaja, ama unanyanyua miguu yote miwili na kumwachia Mungu. Marie Curie alifanya hivyo siku nyingi mfululizo na akaita mapumziko. Hapo nilimwelewa yule mama kuliko nilivyomwelewa shuleni.

Picha ya Einstein ndiyo inayozunguka zaidi, na ndiyo iliyochezewa zaidi. Ile halisi ilipigwa Santa Barbara, California, Februari 1933. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya rafiki, amevaa sweta, anacheka kama mtoto aliyeachiwa baiskeli ya baba. Siku chache kabla, tarehe 30 Januari, Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani, na Einstein hakurudi tena kuishi kwao. Ukijua tarehe, kile kicheko kinauma. Lakini nimetumiwa mara nyingi nakala nyingine: Einstein yule yule, baiskeli ile ile, na nyuma yake wingu la bomu la nyuklia. Huo mlipuko ni wa jaribio la Nevada la mwaka 1962, naye alifariki 1955. Hata bila kujua miaka, mwanga unaisuta. Mtu mwenye moto mkubwa hivyo mgongoni angekuwa mweusi kwa mbele, na hapa uso umeangazwa na jua tulivu la mchana. Naomba tuache kuituma. Imemgeuza mtu aliyefurahi dakika moja katika mwezi mbaya kuwa mtu anayekimbia kitu ambacho hakukiona.

Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alijifunza kuendesha akiwa na miaka 67, baada ya kumzika mwanawe mdogo. Nawaambia wazee wanaokuja bandani wakisema wamechelewa.

Mwenye picha za kumfundisha fundi ni Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878. Mwaka 1899 kule Montreal alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja, wakati chama kikubwa cha waendesha baiskeli cha Marekani kilikuwa kimeshapiga kura 1894 kuwazuia watu weusi kuwa wanachama. Tazama baiskeli yake. Haina breki, haina madigadi, haina friwili. Kipande kinachoshika usukani kimechomoza mbele sana, na kinarekebishika, ili mgongo ulale karibu sambamba na barabara. Siku hizo wengi walikuwa bado wanakaa wima zaidi. Huyu alikuwa ameuelewa upepo. Wenzake walimzingira njiani wamfungie nafasi, na jibu lake limo ndani ya chuma kile kirefu: toka mbele mapema, lala chini, wasikufikie. Alifariki 1932 akiwa maskini. Kila ninapomrekebishia mtu urefu wa kiti na usukani namkumbuka, maana baiskeli inayomtosha mwenyewe inaonekana hata kwenye picha ya miaka mia na zaidi.

Ipo nyingine ya 1897 ambayo ningeibandika ukutani: Orville Wright na rafiki yake Edwin Sines wanapiga tupa fremu nyuma ya karakana ya baiskeli, Dayton, Ohio. Hakuna ndege. Kuna vaisi, vumbi la chuma na mikono. Miaka 6 baadaye, Desemba 1903, ndege ya Orville na kaka yake Wilbur iliruka sekunde 12, mita 36 hivi, na mapangaboi yake yalizungushwa kwa cheni na sproketi. Cheni moja waliipindisha kama namba nane ili pangaboi moja lizunguke kinyume na lenzake. Hilo ni wazo la mtu aliyeshinda na cheni mikononi.

Na George Bush mkubwa na mkewe Barbara, mbele ya lango la Tiananmen, Beijing, kila mmoja na baiskeli yake, alipokuwa mkuu wa ofisi ya Marekani kule kati ya 1974 na 1975. Miaka hiyo hiyo Wachina walikuwa wanamalizia reli ya TAZARA ikipita hapa kwetu. Phoenix ya Shanghai nayo imebeba viazi vya Uporoto na mchele wa Usangu kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa neno kwa wenye studio, na nalisema kwa uchungu. Baba yangu alikuwa na picha moja tu ya ujana wake, amesimama na Raleigh yake. Alipofariki tuliipeleka ikakuzwe kwa ajili ya msiba. Tulirudishiwa uso mkubwa, umesafishwa vizuri, na baiskeli imekatwa. Nakala ya asili haikuonekana tena. Nilijua ile baiskeli kwa kusimuliwa, nikitarajia siku moja niisome kwa lenzi: kama ilikuwa na gia, kama cheni ilifunikwa, kama keria ilipinda kwa mizigo. Mkiletewa picha ya marehemu, kuzeni yote kwanza. Uso mtaukata baadaye kwenye nakala. Nanyi mnaopiga picha hizi kwa simu mzitume kwa ndugu, pigeni na sproketi kwa karibu, na habu ya mbele, na nyuma ya karatasi, maana mara nyingi kuna muhuri wa studio.

Binti wa Tukuyu alipiga simu juzi. Bibi yake amemtambua mzee wa kwenye picha kwa baiskeli, si kwa uso. Ni mjomba wa mama, aliyeinunua kwa fedha za kahawa, na gurudumu la mbele bado liko darini, limening'inia msumarini. Alitaka kuifungua habu aisafishe kabla ya kuniletea. Nikamwambia asiiguse hata nati moja: sumaku ya ndani ikitolewa kwenye koili yake bila kufungiwa chuma, nguvu zake zinapungua. Ailete ilivyo, na vumbi lake. Anakuja Jumamosi.