Je, wajua kwa nini maji ya mwarobaini humsaidia mbwa mmoja na kumshinda mwingine?

Dodoma hutembei mitaa miwili bila kupita chini ya mwarobaini, kwa hiyo mbwa akitoka vipele vya usaha watu hukimbilia majani. Kuna mbwa anayepona ndani ya wiki, na kuna anayezidi kunuka.

Mpekue manyoya tumboni na mapajani. Kipele chenye kichwa cha njano kikipasuka huacha duara lenye magamba pembeni. Wengi huliita choa, kumbe mara nyingi ni kazi ya Staphylococcus pseudintermedius, bakteria anayeishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote akisubiri mwanya. Mwanya huo hutokana na viroboto, ukurutu au mzio: mbwa hujikuna, ngozi inachubuka. Ukiosha usaha ukaacha viroboto, utaosha mwaka mzima.

Majani ya mwarobaini yamepimwa maabara na kuonekana kuzuia bakteria wa jamii hiyo. Lakini maabara hutumia dondoo kali, mara nyingi ya spiriti, kwa sababu viambata vingi vya mti huu haviyeyuki vizuri kwenye maji. Sufuria yako inatoa dawa hafifu, inayogusa ngozi ya juu tu. Usaha uliozama kwenye mashina ya nywele haiufikii.

Kwa vipele vya juujuu, chemsha lita 1 ya maji, epua, tia konzi mbili za majani mabichi yaliyopondwa, funika nusu saa, chuja, acha yapoe. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya paja, usubiri siku nzima. Punguza manyoya, lowesha, kisha mzuie asijilambe kwa dakika 10 za saa, si za kukisia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanamwagia na kumwachia. Mkaushe kabisa, maana unyevu huwalea bakteria. Maji yaliyobaki mwaga siku hiyo hiyo, yanachacha.

Shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, bado inayashinda majani kwa mbali. Ukiona uvimbe mgumu, usaha wenye damu, homa, au siku 7 zimepita bila nafuu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Sindano ya oksitetrasaikilini iliyobaki baada ya kutibu mbuzi isikushawishi, kwani bakteria huyu mara nyingi ni sugu kwake.

Paka usimpake, hasa mafuta ya mwarobaini: atajilamba yote, nayo ni sumu kwake.