Joto la anga la juu sio hili la Dar

Jana kijiweni Buguruni jamaa mmoja kakomaa eti joto hili la Februari limeletwa na ile ishu ya anga la juu kupata joto ghafla, kaisoma kwenye simu. Hapana kaka. Ile inatokea kilomita kama 30 juu ya ncha ya kaskazini, wao wakiwa winta, na jua wala halihusiki maana pale nchani ni giza tupu. Iko hivi, kule juu kuna upepo mkali unaizunguka ncha, sasa mawimbi makubwa ya hewa, yale yanayozaliwa upepo ukigonga milima, yakipanda yanaupunguza kasi mpaka saa nyingine unageuka kabisa, hewa inashuka, inabanwa, inapata moto, nyuzi joto zinaweza kupanda hata 50 ndani ya siku chache. Jaza upepo baiskeli halafu shika pampu kwa chini, si inachoma? Ndo hiyohiyo. Tena huku chini mara nyingi inaleta baridi, Februari 2018 ilitokea na mwisho wa mwezi Ulaya ikaganda. Hili letu ni jua la utosi na unyevu wa bahari tu.